Upande wa Kina

Wengi waliorudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania walirudishiwa mashamba ya baba zao, au nusu ya mashamba, au ahadi ya nusu. Melkiades alirudishiwa bwawa la kuogelea.

Lilikuwa Minago, kando ya ziwa, kwenye kiwanja ambacho baba yake alikikimbia wakati wa mauaji ya mwaka wa sabini na mbili akiacha nyumba ya matofali ya udongo na safu ya michikichi. Waliokuja nyuma yake waliibomoa nyumba, wakajenga hoteli ndogo, na pale pale ilipokuwa nyumba wakachimba bwawa. Tume ya ardhi ilipofika na kamba yake, iliigawa mali kwa haki isiyopepesa macho: vyumba, baa na jenereta vikaenda kwa Bwana Nasiri, aliyekuwa ameinunua hoteli kwa fedha halali, bwawa na banda la kubadilishia nguo vikaenda kwa Melkiades. Familia ikahamia bandani. Juu ya mlango wa chumba cha Melkiades na mkewe Émérance bado palisomeka kwa Kifaransa "Wanaume". Mama yake, bibi kizee Agnesi, alilala upande wa "Wanawake", pamoja na mjukuu wake Elda kila shule ya bweni ilipofungwa.

Mgawo huo haukuwa wa bahati nasibu. Siku ya kupima, Agnesi alisimama mbele ya watu wote, akanyoosha fimbo yake kwenye upande wa kina wa bwawa, akasema, "Mtoto wangu wa kwanza amelala hapo." Mwenyekiti wa tume akavua kofia. Kamba ikasogezwa. Na tangu siku hiyo hakuna mtu wa Minago aliyetia hata kidole cha mguu katika maji yale. Maneno yaliyowapa bwawa ndiyo yaliyowanyima waogeleaji.

Mtu pekee asiyeogopa alikuwa Mchungaji Lukeba, mtu wa Uvira, mwenye kanisa la mabati kando ya barabara na kundi kubwa la waumini wasiobatizwa. Mwaka ule mamba walikuwa wamesogea pwani kwa sababu ziwa lilipanda na kumeza mchanga wote.

"Sisi tunabatiza kwa kuzamisha," Lukeba alimwambia Melkiades. "Mutu anaingia muzima, anatoka muzima. Kule ziwani siwezi kuahidi hiyo ya pili."

Kanisa lingekodi bwawa mara kadhaa kwa mwaka, kuanzia Pentekoste. Kodi hiyo ingetosha ada ya Elda, na ingemnyamazisha Nasiri, ambaye kila mwezi aliuliza kwa upole kama jirani yake yuko tayari kumuuzia lile shimo. Shimo ndilo neno alilotumia. Lakini mchungaji aliweka sharti. Sakafu ya bwawa ilikuwa imebambuka kama ngozi ya mtu aliyeunguzwa na uji. Plasta ya zamani ilikata miguu, na maji yalipungua bila mtu kujua yanakokwenda. Sakafu ikitengenezwa kabla ya Pentekoste, vema. Isipotengenezwa, Nasiri alikwisha kusema yuko tayari kuwajengea wapendwa birika jipya upande wake.

Kwa hiyo Melkiades alimwita fundi wa mabwawa kutoka Bujumbura.

*

Fundi huyo, Aristide, alikuja na viatu safi na nyundo ndogo. Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia upande wa kina kifupi, akaanza kugonga kuta. Mahali pazima nyundo ilijibu "ti". Mahali palipoachana na zege ilijibu "ngo", kama mtu anayeguna ndani ya chungu. Jibu la "ngo" lilikuwa kila mahali.

"Hii inatakiwa kuvunjwa plasta yote," Aristide alisema. "Sakafu na ukuta. Upande wa kina tutaleta mashine ya kuvunjia. Halafu tunapiga plasta mpya ya kuzuia maji."

Aliandika makadirio yake, ambayo watu wa kule huyaita devi, kwenye karatasi ya mraba. Melkiades aliisoma mara moja, akaikunja haraka, kama mtu aliyeona nyoka katika mfuko wake mwenyewe. Kwa fedha ile mtu angenunua ng'ombe na ndama wake, akabaki na nauli ya kuwaswagia nyumbani.

"Na kitu kimoja, patron," Aristide alisema akifunga kamba za viatu. "Musitoe maji mbele mimi sijafika. Hata kidogo. Ziwa limepanda. Hii pisini, hii bwawa yenu, inalala juu ya maji."

"Sawa," alisema Melkiades, akiwaza: daktari gani huyu, anayemkataza mgonjwa kupona mpaka alipwe.

Agnesi hakuwapo. Mchana kutwa alikuwa mahali pake pa kila siku, kwenye kituta cha udongo nje ya bwawa, chini kidogo ya upande wa ngazi, ambako Mama Akonkwa alianika ndagala, dagaa wa ziwa, kwenye vichanja vya wavu. Mama Akonkwa, mwanamke wa Bukavu mwenye sauti ya kuita mtumbwi kutoka ng'ambo, alikuwa amehamia hapo ziwa lilipoumeza ufuko wake. Agnesi aliketi kati ya vichanja, rozari mkononi, akifukuza kunguru kwa fimbo, na jioni alirudi bandani akinuka samaki kama mvuvi.

"Mama Elda," Mama Akonkwa aliwahi kumwambia Émérance, "huyu mukecuru, huyu mama muzee wenu, anapenda ndagala zangu kuliko mimi mwenyewe. Na hata kununua hanunui."

Jioni ile Agnesi alisikiliza habari za mashine ya kuvunjia bila kuinua macho kutoka kwenye sahani yake ya ugali wa muhogo. Émérance alipotoka kuosha vyombo, ndipo mama alipomwambia mwanawe, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi:

"Upande wa kina asiupige nyundo mtu wa kuja."

Melkiades aliinamisha kichwa. Alizaliwa kambini, na katika maisha yake yote mama yake alimzungumzia huyo kaka mara moja tu: kwamba aliitwa Nestori, kwamba alizaliwa msimu wa mvua, na kwamba alikufa kabla padri hajapita kijijini, kabla ya maji ya ubatizo.

*

"Zamu yangu ya likelemba ni mwezi huu," alisema Émérance asubuhi. Yeye na wanawake wenzake wauza mawese walichanga kila juma na kupokezana kitita. "Nimeongea nao. Fundi tunamlipa. Kwa nini unanitazama hivyo?"

"Fedha za likelemba usiziguse. Nitafanya mwenyewe."

"Mwenyewe nini?"

"Plasta. Kambini nilijenga vyoo vya shule nzima."

Émérance aliweka chini kibuyu cha mafuta. "Baba Elda, watu wanakwenda chooni wakiwa wamesimama au wamechuchumaa. Huyu mchungaji atawalaza humo ndani."

"Saruji ni saruji."

"Na kiburi ni kiburi. Unaogopa kuonekana hujui, basi." Alimngoja akanushe. Hakukanusha. Mama yake alikuwa ametamka neno lake wakiwa wawili tu, na neno la namna ile halitoki chumbani. Basi akachagua kuonekana bahili, kisha mjinga, na akavaa sifa hizo mbili kwa wiki kadhaa kama koti la mtu mwingine.

Pampu ya kutolea maji aliiazima kwa Nasiri, kwani nyingine haikuwako. Nasiri alimtolea kiti, akamtolea Fanta, akamwuliza habari za mama, kisha akamwuliza habari za kazi.

"Nasikia unaifanya mwenyewe. Vizuri sana. Ukilifikiria, bwawa nalo ni choo kikubwa tu." Alicheka peke yake. "Chukua, jirani. Lakini petroli tafuta wewe, na unajua petroli iko kama bikira siku hizi: inasikika, haionekani."

Melkiades aliipata kwa mwendesha pikipiki mmoja wa Gatete, katika chupa za maji, kwa bei ambayo hakumwambia mkewe. Akatoa maji. Yalitiririka kijani kupita kwenye michikichi hadi ziwani, na vyura wakatoka wakitazama huku na huku kama wapangaji waliofukuzwa.

*

Bwawa lilipokauka, Agnesi alishuka.

Hakuwa amekanyaga ukingo wake tangu siku ya tume. Alishuka ngazi moja moja, fimbo ikitangulia, akasimama upande wa kina kifupi akavuta pumzi. Melkiades aliacha patasi yake. Émérance, aliyekuwa akichekecha mchanga juu, naye aliacha.

"Hapa palikuwa mlango," Agnesi alisema. Alipiga fimbo chini. Ti. Akasogea. "Hapa baba yako aliweka baiskeli. Usiku aliiingiza ndani, akaifunga kwa mnyororo kwenye kitanda, mimi nikalala nasikia harufu ya mafuta ya mnyororo." Akacheka kidogo. Akasogea tena, akigonga. "Hapa kabati, alilolipata kwa wamisionari. Hapa nililala mimi." Sakafu ilianza kuteremka. Fimbo ikajibu "ngo", ikajibu tena "ngo", na yeye akainamisha sikio kila mara kana kwamba anabisha hodi na kungoja. "Dirisha. Nyuma ya dirisha, shina la mgomba."

Alifika pembe ya mwisho. Sakafuni, katikati ya upande wa kina, palikuwa na tundu dogo lenye kizibo cha shaba kilicholiwa na kutu, na kizibo kilikuwa kikivuja. Maji yalichuruzika kutoka chini taratibu, membamba, bila kukoma, yakatengeneza kidimbwi cha ukubwa wa sinia.

Bibi kizee alikitazama kidimbwi kile muda mrefu. "Huyu naye analia," alisema, akageuka, akapanda ngazi, akarudi kwenye ndagala zake.

Jua lilikuwa kali, na bado Émérance alijifunga kitenge mabegani. "Kumbe ni hilo," alisema taratibu kutoka juu. "Ungeniambia, Baba Elda. Ningekusaidia kuwa bahili."

Ni baada ya hapo, akiwa peke yake chini, ndipo Melkiades alipofanya hesabu ambayo hakuitaka. Alisimama kwenye upande wa kina, akanyoosha mkono juu. Vidole havikufika kwenye ukingo. Na kaburi la mtoto mchanga, kambini alikochimba mengi, halimfiki mchimbaji kiunoni. Alisimama hivyo, mkono juu, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa. Waliochimba bwawa walipita mahali pa Nestori wakiwa bado mwanzo wa kazi, majembe yakiwa makali. Chini ya miguu yake hapakuwa na mtu. Hapakuwahi kuwa na mtu.

Alishusha mkono. Aliapa moyoni kwamba mama yake hatalijua jambo hili maadamu yeye yu hai. Na kwa sababu hakuweza kuvumilia kusikia maji yale yakichuruzika, alikoroga saruji ya kukauka upesi, akaifinyanga, akalishindilia lile tundu mpaka likanyamaza. Lilikuwa zibo safi kabisa. Hakuna choo cha kambi kilichowahi kuzibwa vizuri namna ile.

*

Plasta alipiga kwa siku nyingi, akianza na kuta. Upande wa kina hakuubomoa. Aliukwaruza tu kwa brashi ya waya, kwa adabu, kisha akaufunika. Mwisho wa kazi bwawa liling'aa kijivu kama tumbo la samaki. Mchungaji Lukeba alikuja kulitazama, akasema Bwana asifiwe. Hata Nasiri alichungulia juu ya ukuta, akaondoka bila neno, na hilo kwa Melkiades lilikuwa medali. Ilibaki kungoja plasta ikauke, kisha kujaza maji.

Ndipo sauti zilipoanza.

Hazikuja usiku, ambapo mtu angeweza kuzisingizia ndoto. Zilikuja mchana, saa ambayo mbuzi hutafuta kivuli na barabara ya Rumonge hukaa tupu. Kwanza ilikuwa sauti kama ya mtu anayeburuta kabati. Kisha kimya. Kisha mguno mrefu kutoka chini, uliopanda kwenye nyayo za mtu kabla ya kufika masikioni. Kuku walikimbia. Émérance alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Umesikia?"

"Ni saruji inakauka," alisema Melkiades.

"Saruji inasema?"

Kesho yake ilisema tena. Mama Akonkwa alihamisha vichanja viwili mbali na ngazi. "Mimi sina maneno na mutu," alisema, "lakini kule kwetu, kama nyumba inalia mchana, banaita watu ba kuomba." Mwanamke aliyekuwa akileta muhogo wa kusaga aliacha kuupitisha kwao. Agnesi peke yake hakushtuka. Kila sauti ilipokuja aliinua uso kutoka kwenye rozari, akasikiliza, kisha akaendelea na salamu aliyokuwa ameiacha katikati.

Melkiades hakulala vizuri. Si kwamba aliamini. Alijua, kuliko mtu yeyote pale Minago, kwamba chini ya bwawa hapana kitu. Ndiyo maana aliogopa zaidi. Asiye na kitu chini yake anaogopa kinachogonga.

Kisha asubuhi moja, akitoka bandani na mswaki mdomoni, alijikwaa. Alitazama alichojikwaa nacho. Ukingo wa bwawa, ambao miaka yote ulikuwa sawa na njia ya saruji, ulikuwa umeinuka juu ya njia. Alipiga magoti akaingiza vidole katika mwanya. Mkono mzima ukaingia. Ndani mlikuwa na baridi, na harufu ya udongo mbichi. Alizunguka bwawa akiwa amepiga magoti hivyo hivyo, povu la dawa ya meno likimtiririka kidevuni: upande wa ngazi mwanya haukuwapo, kadiri alivyokwenda upande wa kina ndivyo ulivyopanuka. Bwawa lilikuwa linatoka ardhini, kichwa kwanza.

"Mama Elda," aliita, kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia. "Nipe simu."

*

Aristide alisikiliza mpaka mwisho. Nyuma yake palisikika honi za Bujumbura.

"Patron, niambie kama unaambia padri. Kulikuwa tundu sakafuni, na kizibo. Umeiziba?"

Melkiades alimtazama Émérance, kisha akatazama chini. "Lilikuwa linavuja."

"Haikukuwa inavuja. Ilikuwa inapumua." Aristide hakupandisha sauti. "Maji ya ziwa iko chini ya pisini yako. Pisini ikiwa na maji, ni nzito, inakaa. Ikiwa tupu, maji ya chini inaibeba kama mutumbwi. Ile tundu ndiyo inaacha maji iingie, isiibebe. Mimi nilikwambia usitoe maji."

"Nilidhani..."

"Najua ulidhani nini. Wote wanadhani hivyo. Sasa shuka, vunja ile zibo. Leo. Ukingoja, itapasuka katikati, na hapo hata mimi siji."

Kwa hiyo, baada ya wiki za kukwepa nyundo isiuguse upande wa kina, Melkiades aliteremka na nyundo kubwa, aliyopewa juu ya ukuta na Nasiri bila Fanta na bila utani, kwani Nasiri alikuwa ameona ukingo. Sakafu ilikuwa imepasuka mistari, na kila hatua aliyokanyaga ilijibu "ngo". Juu ya ukingo alisimama Émérance na kamba ya kumvutia. Pembeni yake, akiegemea fimbo, alisimama mama yake.

"Mama, rudi kwa Mama Akonkwa," alisema Melkiades. "Tafadhali."

"Piga," alisema Agnesi.

Alipiga. Zibo lake lilikuwa zuri mno. Mikono ile ile iliyojisifu sasa ililia kwa uzuri wake. Alipiga mpaka viganja vikafunguka. Mara nyundo ikazama, na kwa kitambo kidogo hapakuwa na kitu, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema. Halafu maji yakaruka. Yalimpiga kifuani, ya baridi, safi, yakiwa na nguvu ya shingo ya ng'ombe, na pamoja nayo yakapanda mchanga. Émérance alipiga yowe, akavuta kamba. Melkiades alishika ukingo wa ngazi akiwa amelowa, akageuka kutazama.

Mchanga ulikuwa ukimwagika juu ya plasta ya kijivu, ukitanda polepole. Ulikuwa mweupe, laini, wenye chembe sawa kama chumvi. Hapakuwa na kipande cha makaa ndani yake, wala kigae, wala mzizi. Ulikuwa mchanga ambao jembe la mtu halijawahi kuufikia tangu ziwa liumbwe. Mtu yeyote aliyewahi kulima angeuona na kujua.

Agnesi alikuwa amelima maisha yake yote. Aliutazama.

Bwawa likaguna mara moja zaidi, guno refu la kushuka, na ukingo ukatua chini kidogo. Kisha kimya. Maji yaliendelea kupanda yenyewe, bila pampu wala petroli.

*

Melkiades alimkuta mama yake kwenye kituta, kati ya vichanja. Aliketi chini kando yake, nguo zikimdondoka maji, mikono imefungwa vitambaa.

"Mama," alisema. "Ule mchanga."

"Funga mdomo, nzi wako wengi hapa." Agnesi alimfukuza kunguru. "Ulidhani sijui kaburi la mtoto linafika wapi? Nani alilichimba? Baba yako alikuwa Rumonge sokoni. Nililichimba mimi, na jembe lenye mpini uliovunjika."

Mbele yao ziwa lilikuwa limelala, na milima ya Kongo ng'ambo.

"Basi mbele ya tume ulisema..."

"Nilisema amelala pale. Alilala pale. Sikusema bado." Alivuta punje moja ya rozari. "Lakini mtu wa kuja akivunja akaona mchanga mtupu, atasema baani kwa Nasiri. Nasiri si mbaya, ila ana masikio, na tume ina kamba bado. Nilitaka uvunje wewe. Wewe ungenyamaza."

"Nami nilinyamaza ili wewe usijue."

"Niliona. Nilirudi kuchungulia ukingoni, nikakukuta umesimama kule chini mkono juu kama mtoto wa shule. Nikasema, haya, naye amejua." Aligonga kituta kwa ncha ya fimbo. "Tulipotoka Tanzania, kitu cha kwanza nilichowauliza watu wa hapa hakikuwa nani anakaa kwangu. Niliuliza, udongo wa shimo lile mliutupa wapi?"

Mama Akonkwa alipita na beseni lake, akapindua ndagala kwenye kichanja cha karibu, akaenda zake. Melkiades alitazama kituta walichokikalia. Hakikuwa kituta cha Mungu. Kilikuwa na umbo la kitu kilichomwagwa, toroli juu ya toroli, na kwenye ubavu wake ulioliwa na mvua palionekana udongo mwekundu wa matofali ya nyumba, na vipande vyeusi vya makaa.

Aliondoa mguu wake taratibu, asijue auweke wapi.

"Uweke tu," alisema mama yake. "Huwezi kukaa hewani."

*

Aristide alikuja, akalipwa kwa likelemba. Hakucheka. Aliyatoa maji kidogo kidogo huku tundu likiwa wazi, akatia kizibo kipya, akaziba nyufa, na pale Melkiades alipokwaruza kwa adabu yeye akabomoa kwa mashine, na hakuna aliyemkataza. Kwa hiyo kazi ile ililipiwa mara mbili: mara ya kwanza kwa kuifanya bure. Kitu kimoja tu hakikuwezekana. Mchanga ulikuwa umejaa chini ya bwawa lilipoinuka, nalo halikurudi lote.

"Itakaa imeinama," Aristide alisema. "Lakini itakaa."

Petroli haikupatikana, basi waliongojea ubatizo walijaza maji yaliyobaki wenyewe, kwa mabido, yaani madumu, mstari mrefu kutoka ziwani. Watu ambao kwa miaka hawakuthubutu kupita karibu na ukuta ule walikanyaga ukingo, wakachungulia upande wa kina, wakamwaga, wakarudi kuchota. Hakuna aliyeuliza kuhusu mtu wa bwawa. Waliosikia bwawa likiguna na kushuka walikuwa wamesadiki kwamba ameondoka, na Melkiades, ambaye sasa alikuwa stadi wa kunyamaza, aliwaacha wasadiki.

Jumapili ya Pentekoste maji yalikaa sawa, kama desturi ya maji, ila bwawa lilikaa mshazari: upande wa kina ukingo mkavu ulionekana kwa upana wa kiganja, na kwenye pembe ya ngazi maji yalifika kwenye mdomo kabisa. Nasiri alisimama kwenye ukuta wake na glasi ya chai. "Jirani," aliita, "bwawa lako linasujudu."

"Na wewe ungejaribu," alijibu Émérance, na watu wa kanisa wakacheka.

Mchungaji Lukeba aliingia na joho lake, akashikwa na baridi, akaificha. Wa kwanza kuingia alikuwa kijana mvuvi mwenye mabega mapana. Mchungaji akamlaza nyuma, maji yakamfunika, na maji yale, kwa kuwa hayakuwa na mahali pengine, yakapanda pembe ya ngazi, yakamwagika nje kama shuka. Yakashika njia ya mteremko. Akaingia mwanamke mnene, yakamwagika zaidi. Kila aliyezama aliyasukuma mbele kidogo, na kila mara yaliacha nyuma yake udongo uliolowa, mpaka mkondo mwembamba ukafika chini ya kituta, ukasita kwenye jani, ukalizunguka.

Melkiades alikuwa amesimama karibu na vichanja. Alimwona mama yake, aliyevaa kitenge chake cha misa, ameacha kufukuza kunguru. Miaka yote alikuwa akilicheka kanisa lile la kuzamisha watu wazima kama muhogo. Sasa rozari ilikuwa imetulia mkononi, naye akiyatazama maji yale ya ubatizo chini ya kituta.

Mama Akonkwa alikurupuka na jembe. "Mukecuru, ndagala zangu. Maji inakuja huku. Ngoja niikatie njia."

Agnesi alinyoosha fimbo, akaiweka mbele ya jembe lile, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake.

"Acha yafike," alisema.